Hakukuwa na Msiba Uani kwa Edi

Sogea, Tunduma

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimepiga goti ingawa hunioni, na najua barua hii utaishika mbali na uso mpaka Mama akuletee miwani. Habari za nyumbani? Mgongo unaendeleaje? Ng'ombe wanapata maji karibu au bado mnawashusha mpaka mtoni? Mimi mwili haunisumbui. Mgahawa unakwenda. Foleni ya malori imefika karibu na mlango wangu, madereva wanakula huku wakilalamika kwamba ugali ni mdogo, halafu kesho yake hao hao wanarudi kulalamika tena.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Nimepiga mpaka yule dada wa mtandao anayesema hupatikani nimemzoea kama ndugu. Mama, kwa simu ya jirani, ameniambia kwamba tangu urudi kutoka huku huongei na mtu, kwamba ukishakula unakwenda kukaa zizini peke yako, na kwamba jina la kaka Edi likitajwa tu unainuka na kuondoka. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika. Barua huwezi kuizima, Baba. Nitampa mwenzetu wa kwaya anayeshusha sabuni Galula, na kutoka Galula itafika Mbangala kwa bodaboda kama ulivyofika wewe.

Neno langu ni hili: hatukukuchezea. Wewe ulikuja mwisho, ukaona kipande, ukaondoka nacho. Naomba unisikilize tangu mwanzo. Unaijua midomo yangu, nitazunguka kidogo, lakini nitafika.

Unakumbuka Edi alifiwa na mke. Pengine hujui jinsi kifo kile kilivyomfanya. Siku zile za msiba wa wifi yangu Salome, kaka alikuwa mtu. Alilia, ndiyo, lakini wanaume walikaa naye pale uani kwenye moto, wakasimulia, naye akasimulia. Nilimsikia hata akicheka akieleza jinsi Salome alivyokuwa akimfokea kwa kuingia na viatu vya grisi. Siku tuliyoanua matanga wakakunja turubai, wakabeba mabenchi ya kanisa, kila mmoja akashika njia yake. Edi akabaki amesimama kwenye majivu na ufagio mkononi. Kuanzia hapo akawa mtu wa kujibu tu. Ukimwuliza, "Umekula?" anasema, "Nimekula." Ukinyamaza, naye ananyamaza. Akamrudishia tajiri wake funguo za lori, akasema barabara imemchosha, akawa anashinda ndani mchana kweupe, mlango umeegeshwa.

Na si yeye peke yake. Mtaa huu umejaa wanaume wa namna hiyo. Madereva walioachishwa, wapakiaji walioharibika migongo, vijana wa kubadilisha fedha waliofilisika. Sisi wanawake tuna vikoba, tuna kwaya, tuna bomba la maji. Mtu akikuudhi unajua pa kwenda kusemea. Mwanaume wa hapa akiwa na lake analipeleka kilabuni, au analala nalo.

Basi likaja shirika moja la hisani. Likatangaza kanisani na kwenye ofisi ya kata kwamba linatoa ruzuku kwa vikundi vitakavyowakusanya wanaume wakae pamoja, waongee, wasaidiane kutunza afya ya akili. Mzee Simbeye, mzee wa kanisa letu, zamani alikuwa wakala wa forodha hapa mpakani, akaunda kikundi na kukiombea ruzuku. Tukapata. Mimi nikapewa kazi ya kupika. Nilifurahi, Baba, nisikufiche. Nilimwandikisha Edi bila hata kumwuliza, nikamwambia kuna wali, akaja kwa ajili ya wali.

Kikao cha kwanza kilifanyika ukumbi wa kata. Ungekuwepo ungecheka. Watu wazima wanakutana kuelezana yaliyo moyoni, lakini kwanza meza kuu, kitambaa cha meza, chupa za maji, itifaki, ajenda, kuthibitisha ajenda, na mwenyekiti akitaka kujua nani anaunga mkono. Afisa wa shirika, Madamu Prisca, binti mpole tu, akasimama akawauliza, "Jamani, mioyo yenu ikoje?"

"Tunamshukuru Mungu," wakajibu wote kwa pamoja.

"Nyote mnamshukuru Mungu? Hakuna mwenye jambo linalomsumbua?"

"Tunamshukuru tu, Madamu."

Wakala wali wakaenda zao. Kikao cha pili kikawa hivyo hivyo, ila nyama ilikuwa pungufu na hilo walilisema bila kuombwa.

Ndipo Mzee Simbeye akamwambia Madamu Prisca, mbele yangu nikiosha sufuria, "Binti yangu, wanaume wa huku hawaongei ukumbini. Wanaongea msibani. Tukikaa kwenye moto hatutazamani usoni, tunatazama moto, na hapo mtu anajikuta amesema. Shida ni kwamba tunangoja mwenzetu afe kwanza." Madamu akafikiri, akakubali. Ile ruzuku ikanunua turubai, viti vya plastiki na kuni. Uani kwa Edi pakachaguliwa kwa sababu ni papana, alikuwa akiegesha lori pale. Wakamwuliza kama inafaa. Akasema, "Inafaa."

Jumamosi ile iliamka na baridi la kwetu la kukata masikio. Asubuhi wakafunga turubai, wakawasha moto, wakakaa na makoti na makofia ya sufu, kimya. Mimi nyuma ya nyumba na sufuria kubwa, moshi umetanda. Sasa niambie wewe mwenyewe, Baba. Turubai. Moto mchana. Wanaume wamejikunyata uani kwa mtu ambaye mtaa mzima unajua kwamba anajifungia ndani. Mpita njia ataona nini? Kati yetu sote, na umri wetu huu, na misiba yote tuliyohudhuria, hakuna hata mmoja aliyeliwaza hilo.

Wa kwanza kufika ni jirani wa nyuma, amejifunga kanga kiunoni, na unga kwenye ndoo. Akaniwekea unga miguuni, akanikumbatia, akaanza kwikwi. Nikamwuliza, "Mama, kuna nini?" Akasema, "Eliza mwanangu, jikaze." Kabla sijajua nijikaze kwa lipi, tukasikia ukelele getini. Alikuwa Mama Chanda, dada yake marehemu Salome, yule anayeishi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kuvuka kila siku kuuza vitenge. Alikuwa amejitupa chini, mzigo wa vitenge umemwagika vumbini.

"Mayo! Mama we! Na Edi naye! Mmoja hakuwatosha?"

Edi mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwinua. "Shemeji, inuka," akamwambia. "Mimi huyu hapa." Basi akapiga ukelele mwingine mkubwa kuliko ule wa kwanza, akarudi kinyumenyume akimkemea kwa jina la Yesu. Tulicheka, Baba. Wanaume walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti chake cha plastiki. Jirani naye akabeba unga wake kurudi nao, akazomewa, akauacha kwa aibu.

Na kile kicheko ndicho kilichofungua kila kitu. Mpakiaji mmoja, Yona, mtu mwenye mwili kama mlango, akasema, "Kwa hiyo mimi nikifa ndiyo nitaletewa unga? Leteni sasa, nina njaa." Wakacheka tena. Kisha Yona akasema, bila kucheka, kwamba wakati mwingine anatamani afe siku moja tu aone kama watoto wake walioko Dar watapiga simu. Mwenzake akasukuma kuni, akasema na yeye ana wake. Basi yakaanza kutoka, moja baada ya jingine, wameutazama moto. Mimi mwiko mkononi, nimejibanza ukutani kusikiliza mambo yasiyonihusu. Edi hakusema kitu, lakini hakuondoka. Alikuwa anachochea moto na uso wake umelegea. Mzee Simbeye alipita kwangu kuomba maji, akaninong'oneza, "Eliza, imeiva." Akiwa na maana mazungumzo, maana wali ulikuwa bado.

Mama Chanda akanywa chai, akakusanya vitenge vyake, akavuka kurudi kwake. Kitu ambacho hakusema, na mimi nilikijua siku ya pili, ni kwamba alipoliona turubai kutokea barabarani, kabla hata hajafika getini kujitupa chini, alikuwa amekwisha kumpigia ndugu yake mwenye duka Galula. Na yule wa Galula akamtuma mtu kwako kwa pikipiki. Mama Chanda anasema kicheko kilimsahaulisha. Namwamini. Baba, mimi niliyezaliwa na kukulia kwenye misiba ya huku, ninayejua taarifa ya kifo inavyokimbia, nilikaa naye nikimmiminia chai na sikumwuliza swali dogo tu, "Umeshamwambia nani?" Najuta hilo kila ninapowasha jiko.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Ngoja nikueleze yalivyokuwa upande wetu.

Jua lilikuwa limeshainamia Zambia. Nikasikia pikipiki inazimwa barabarani. Ukaingia kofia mkononi, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, unalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwako. "Edi! Edi mwanangu!" Wanaume wote isipokuwa Edi wakasimama, wakainamisha vichwa. Usidhani walikuwa wanaigiza. Walijua wewe ni baba yake, na walijua hukufika siku ya kumzika Salome. Walidhani umekuja sasa, umechelewa lakini umekuja, kumlilia mkwe wako na kumpa pole mwanao. Na mtu anayelia hakatizwi, wewe ndiye uliyetufundisha. Hata Mzee Simbeye alivua miwani akatazama chini.

Ukasimama pale karibu na moto, ukasema yale uliyosema. Nayarudia hapa ili ujue kwamba tuliyasikia. Ulisema, "Edi, niliwaambia mto umejaa, pikipiki haivuki. Mto haukujaa, mwanangu. Nilikuwa nyumbani nimekaa kwenye kiti. Mkeo anazikwa, mimi nimekaa kwenye kiti, eti nikija nitakuwa nimekubali kwamba ulifanya vizuri kuacha ng'ombe na kushika usukani. Ulifanya vizuri, Edi. Ungenisubiri kidogo tu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba humlilii Salome. Mwiko ulinitoka. Nikaanza kupenya katikati ya viti kukufikia, lakini wewe ulikuwa umeshajipangusa uso kwa kofia na kuanza kuwapa wanaume mkono, mmoja mmoja, kichwa chini, kama anavyofanya mtu mwenye adabu zake anayeingia msibani. "Poleni." "Pole sana, ndugu yangu." Wakapokea mkono. Ukafika kwa Edi. Alikuwa na lile koti kubwa na kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye macho. Ukaushika mkono wake kwa mikono yako miwili ukasema, "Pole sana, ndugu yangu." Kisha ukainua uso.

Sitaisahau sura yako mpaka naingia kaburini. Niliona furaha imepita, naapa niliiona, halafu aibu ikaifunika. Ukauachia mkono wa mwanao kama umeshika sufuria ya moto. Ukalitazama turubai, ukawatazama wanaume, ukasema, "Mnanichezea msiba?" Nilikimbia na kikombe cha maji. Ulinipita kama hunifahamu, ukapanda pikipiki, na maji yale niliyamwaga mimi mwenyewe pale getini.

Baada ya hapo hapakuwa na kikundi. Mzee Simbeye alisema tuombe, hakuna aliyefumba macho. Wakaondoka bila kula. Wiki iliyofuata wake zao waliwakataza, wakasema turubai lile linaita misiba, na kweli hakuna anayetaka kukaa chini yake hata lingekuwa la harusi. Madamu Prisca alikuja mara kadhaa, akakaa na Mzee Simbeye kwenye viti vitupu, akaondoka. Shirika linasema ruzuku nyingine hutolewa pale watu wanapohudhuria. Siwalaumu. Lakini jana nilimwona Yona amekaa peke yake kwenye tairi bovu kando ya foleni, nikamsalimia, akaniambia anamshukuru Mungu. Nilisikia kulia, Baba. Siku moja tu yule mtu aliongea.

Kwa Edi nilikuwa na hasira. Nilimtafuta Jumapili, nikamkuta jikoni kwangu anamenya viazi, kitu ambacho hajawahi kukifanya tangu azaliwe. Nikamwambia, "Ulimsikia Baba tangu getini. Ulikuwa umekaa pale pale. Kwa nini hukusimama ukamwambia uko hai?"

Akaendelea kumenya. Akasema, "Nilitaka amalize."

"Amalize nini?"

"Hayo aliyokuwa anasema. Ningesimama angeyameza, na nisingeyasikia tena maisha yangu yote. Unamjua Baba."

Nikavuta kigoda, nikashika kisu na mimi. Akatupa kiazi kwenye maji, akasema tena, taratibu, "Lakini alimwambia marehemu, Eliza. Mimi niliye hai aliponiona akaondoka."

Kwa hiyo huo ndio ukweli wote. Hakunyamaza kwa dharau. Alikuwa amekaa pale anayapokea maneno yako kama mtu anayekinga maji ya mvua, anaogopa kujitikisa yasimwagike. Na wewe umerudi Mbangala ukidhani mwanao alikuwa anakucheka ndani ya kofia. Wawili ninyi mmerithishana kichwa kigumu, kwa hilo sina cha kuwasaidia.

Baba, naijutia ile barabara. Najua ilivyo kutoka kwetu mpaka lami, mashimo na vumbi, na mgongo wako ule. Nafikiri ulipita wapi ukiwa unaamini kwamba mtoto wako amelala ndani ya sanda. Nafikiri ulisimama wapi kunywa maji, au hukusimama. Hakuna anayeweza kukurudishia safari ile. Nisamehe mimi, na umsamehe Mama Chanda, maana naye sasa anakwepa kupita mtaa huu.

Mama amenidokeza kwamba unaogopa, kwamba mtu akililiwa angali hai anaitiwa kifo, na kwamba ndiyo maana jina lake hutaki lisikike mdomoni mwako. Sijui hayo mambo, na Mzee Simbeye anasema tuyaache. Ninachokijua ni kwamba kaka anakula. Juzi aliongeza ugali mara mbili na kuniuliza kama nimeanza kuwapunja hata ndugu. Ameanza kutoka nje kukaguakagua malori ya watu, anawaambia madereva breki zao zinalia vibaya. Haongei sana, lakini mlango wake sasa uko wazi.

Kwa hiyo nakuomba uje tena. Usije kwa sababu mtu amekuita kwa habari mbaya. Njoo tu, siku ya kawaida. Hakutakuwa na turubai, wala wanaume, wala madamu. Nitapika, na safari hii maji utakunywa. Na kama kuja ni kugumu, basi washa simu, hata kama hutasema kitu. Atasikia unavyopumua na ataelewa ni wewe.

Nisalimie Mama, mwambie kitenge chake kipo na nimekificha wateja wasikitamani. Shangazi Tusa, dada yako anayependa kujua kila kitu, mwambie hapa hakufa mtu ili aache kukusanya michango. Mdogo wangu Neema namtakia afya yeye na kichanga chake, na yule jirani mwenye simu Mungu ambariki kwa betri anazotumalizia. Wazee wenzako wa kanisani pia, hasa wale walioanza safari kuja kukuzikia mwana na wakarudishwa njiani.

Mimi binti yako anayekukumbuka na anayejuta,
Eliza

Nimefungua tena bahasha niongeze haya. Nimemsomea Edi barua yote, nikidhani ataniambia nifute pale nilipoandika maneno yake. Hakusema nifute. Aliuliza tu kama barua itafika kabla ya mvua. Nikamwambia itafika. Akasema, "Basi mwambie akija asianze kulia. Aniite tu pale getini. Safari hii nitaitika."